Jina Ambalo Lidia Halitaji

Hapa nyumba ya wazee Lidia yuko chumba cha nne, upande wa wanawake. Mimi niko cha pili, upande wa wanaume. Katikati kuna ukumbi wa bati wenye meza mbili ndefu. Hapo tunakula, na hapo ndipo watu wa Jumatano wanatukuta.

Nataka kuandika habari zake. Mimi sikusoma. Herufi nilifundishwa ukubwani, darasa la watu wazima kule Katumba, na kalamu bado inanichosha. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona, basi.

Katumba tulikuwa majirani. Shamba lake na langu yaligawanywa na mfereji tu. Wote tulikuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Tulipelekwa kule porini tukaambiwa kateni miti, limeni. Lidia alikuja na mume wake, mtoto mmoja wa kike anayenyonya, na baba wa mume wake. Mama mkwe alibaki njiani. Sitaeleza alivyobaki.

Huyo baba mkwe aliitwa Yohani. Naliandika mimi kwa sababu mimi hakuna kinachonikataza. Lidia halitaji. Kwetu mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba wa mume wake. Hamtazami usoni. Hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja anavuta nguo kichwani na kumpisha. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Na mtu mwingine akiwa na jina hilohilo, heshima inamfuata huyo naye, hata awe muuza dagaa.

Siku hizi wasichana wetu hawafuati. Lidia anafuata.

Njiani walitembea wiki tatu. Lidia akashikwa na homa, maziwa yakapungua, akawa hawezi kubeba mtoto. Mzee akamchukua mtoto begani. Yeye mbele, Lidia nyuma. Lidia aliwahi kumwambia mke wangu kwamba uso wa baba mkwe wake haujui, ila visigino anavijua. Cha kushoto kilipasuka mahali pawili na kilikuwa kinaacha alama kwenye majani. Mzee alifika. Aliishi misimu miwili ya mahindi, akafa. Misimu yote miwili Lidia alimpikia. Aliweka bakuli nje kwenye kigoda, akaingia ndani. Akiwa na neno la kumwambia alilisema akiwa ndani, mzee akiwa nje, ukuta wa udongo katikati yao.

Baadaye alizaa wengine watano. Wawili wako hai. Mume alikufa zamani. Alilima tumbaku, akaacha, akalima mahindi na karanga. Alikuwa na sauti kubwa kwenye maji na kwenye mazishi. Mbuzi wa mtu akiingia kwenye karanga zake, mwenye mbuzi alijua kabla mbuzi hajajua. Hayo ndiyo maisha yake kwa kifupi. Hapa aliletwa mwezi wa nne, baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Anatembea na fimbo.

Mimi nilikuwa nimetangulia. Mke wangu Dorotea alikufa mwezi wa pili, mvua ikinyesha. Aliumwa siku nne. Mwanangu Claude anafanya kazi mgodini. Alikuja, tukazika, akakaa siku tisa, akanileta hapa kwa bajaji. Alisema, "Baba, kule kuna watu." Ni kweli, kuna watu.

Tangu hapo mtu akisema nami ni kama yuko ng'ambo ya mto. Naona mdomo unacheza. Nikipewa ugali nakula. Nikiambiwa oga naoga.

Watu wa Jumatano ni wawili. Hawalipwi. Mmoja ni mwanamke, Happiness, fundi cherehani. Yeye anaandika kwenye daftari. Mwingine ni mwanamume wa miaka hamsini hivi, ana duka la spea za baiskeli mtaa wa Kashaulili. Jumatano mchana anafunga duka. Mama yake alifia Usevya akiwa hamjui tena mwanawe, anamwita mzee wa kanisa. Ndiyo maana anakuja. Anasema akili ni kama mnyororo wa baiskeli, ukiuacha bila kuzungushwa unashika kutu.

Anatuletea maharage, kunde na karanga zilizochanganywa, tuzichambue kila kitu na bakuli lake. Anakata picha kwenye kalenda za zamani, anazifunika mezani, ufunue mbili zinazofanana. Anatega vitendawili. Anatuuliza kila mmoja kitu cha kazi yake. Mzee Silvesta, Mkonongo, alikuwa kwenye genge la reli, basi anatakiwa kutaja stesheni kutoka Mpanda hadi Tabora. Akifika Kaliua anasimama na kudai chai.

Jina la huyo mwenye duka ni Yohani.

Jumatano ya kwanza ya Lidia, yule bwana alisimama katikati ya ukumbi, akapiga makofi.

"Haya wazee wangu! Leo tuna mgeni. Bibi, mimi naitwa Yohani. Wote mwambieni, mimi nani?"

"Yohani!" watu wakasema.

Silvesta akasema, "Mimi jina lako nimelisahau. Nikumbushe na soda."

Watu wakacheka. Lidia alivuta kitenge kichwani. Akashika kiti chake, akakigeuza, akakaa anatazama ukuta.

Mimi niliona, na nilijua. Palepale, siku ile ya kwanza. Sikusema. Sikuwa nasema kitu kwa mtu.

Yule bwana alidhani bibi anaona aibu. Jumatano ya pili akaja na maandazi, akamwekea mkononi mwenyewe. Lidia akayafunika na upande wa kitenge, hakula. Happiness akasema taratibu, "Bibi, kula mama, ya moto hayo." Hakula. Jumatano ya tatu bwana akaja na kibao cha katoni shingoni, kimeandikwa jina kwa kalamu nene. Akapiga magoti mbele yake.

"Bibi yangu, mimi nani? Tuanze na herufi ya kwanza. Yo..."

Lidia akafumba macho.

"Wewe ni mgeni wetu," alisema.

"Mgeni nani?"

Lidia akageukia ukuta.

Kadiri bwana alivyomsogelea ndivyo Lidia alivyogeuka. Bwana akienda chooni, Lidia alikuwa anarudi mezani na kuchambua maharage kuliko sisi wote, vidole kama mtu anayekimbizwa. Bwana akirudi, Lidia mgongo. Happiness aliandika daftarini hivi: Hajui jina la mtu anayemwona kila wiki. Anajitenga. Anakataa kula mbele ya watu. Anafunika uso. Alikuwa anatusomea mwishoni mwa mwezi, kila mtu na lake, ili tujue tunaendeleaje. La kwangu lilikuwa: Mzee Telesfori anafanya anachoambiwa, haongei.

Ilikuwa hivyo miezi minne.

Mwezi wa nane Sista Immaculata, ambaye ndiye mkuu hapa, alituita ukumbini baada ya chai. Wiki ile bibi mmoja wa chumba cha sita alitoka getini alfajiri akakutwa amekaa katikati ya reli, anasuka mkeka bila ukindu, mikono mitupu. Sista hakuwa mkali. Alisema nyumba hii haina uzio wa kuaminika wala muuguzi wa usiku. Masista wenzake wana nyumba nyingine, mkoa mwingine, siku nzima ya basi, wanaopotewa na akili wanatunzwa huko. Amesoma daftari la Jumatano. Watu watatu watakwenda. Gari litakuja Ijumaa ya wiki inayofuata.

Alitaja yule bibi wa chumba cha sita. Akataja Silvesta. Akataja Lidia.

Silvesta alicheka akasema, "Sista naye anajua utani." Hakuna aliyecheka naye. Ndipo nilipofikiri kwamba labda yule mzee hakuwa akitania hata siku moja. Jina la mtu wa maandazi lilikuwa linampotea kweli, kila wiki, na sisi tukidhani anataka soda. Nililala kitanda cha pili kutoka chake miezi yote ile. Sikujua.

Lidia alitazama mikono yake.

Yule mtoto aliyebebwa begani sasa ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, Joséline. Ameolewa Kasekese. Jumapili mbili kila mwezi anapanda gari la asubuhi, anakuja na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikapu, anamsuka mama yake, anaondoka na gari la jioni. Jumapili zake Lidia anakaa barazani tangu saa moja. Nyingine hakai. Hakosei. Wengine hapa wanakaa barazani kila Jumapili na hakuna anayekuja.

Jumapili ile Joséline aliambiwa na Sista. Akatoka ofisini, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa.

"Baba Claude, shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe umekaa naye hapa. Kweli mama kapotewa?"

"Hapana."

"Maana mimi ananiuliza mbuzi wangu mmoja mmoja kwa rangi. Yule mwenye doa kazaa? Yule wa kwa wifi yako karudishwa? Mtu aliyepotewa anauliza hivyo? Sista anasema hamjui hata mtu anayekuja Jumatano. Miezi minne!"

"Anaitwa Yohani."

"Nani?"

"Huyo mtu wa Jumatano."

Joséline aliweka kikapu chini. Alikuwa hajawahi kumwona, maana yeye ni wa Jumapili. 

"Jina la babu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

Alinitazama. Nilidhani atapiga kelele, mama yake angepiga.

"Mama Claude angekuwepo," alisema, "angekupiga na mwiko."

Ni kweli. Dorotea angenipiga na mwiko. Yeye mwenyewe miaka hamsini na moja hakutaja jina la baba yangu. Hata langu hakulitaja.

Joséline akaenda kwa mama yake. Nilikuwa karibu, walikuwa hawanongʼoni.

"Mama, litaje. Mara moja tu, mbele ya Sista. Mungu atakusamehe."

"Si Mungu aliyenikataza."

"Babu amekufa miaka hamsini sasa!"

"Yeye amekufa. Mimi je?"

"Mama, kule sitafika. Unasikia? Siku nzima kwenda, siku nzima kurudi, na nauli yake, na nani atabaki na mbuzi na mume mgonjwa? Ukipelekwa kule ndiyo tumezikana tukiwa hai."

Lidia aliweka fimbo chini. 

"Wewe ndiye uliyekuwa begani," alisema. "Siku kumi na tatu. Mguu wake unaoza, na wewe unamkojolea shingoni. Hakuniomba kitu yule mtu. Chakula nilimpa kwa mapenzi yangu. Kitu alichostahili kwangu ni hicho kimoja, na mimi nimekitunza. Wakinipeleka, wanipeleke."

"Na mimi je?"

Lidia akageuza kichwa ili asukwe. Joséline akasuka, machozi yanadondoka kwenye nywele za mama yake.

Kabla ya gari la jioni tulikwenda kwa Sista, mimi na Joséline. Joséline ndiye aliyeeleza. Sista ni Mfipa, alisikiliza kalamu ikiwa mkononi.

"Sasa mbona mwenyewe hakusema sababu?"

"Angesemaje, Sista? Kusema sababu ni nusu ya kulitaja. Hata siku ya kuandikishwa uraia, karani aliuliza jina kamili la mume, na la pili ndilo hilo. Mama akamshika mtoto kwenye foleni akamwambia, mwambie baba huyu. Mtoto wa watu, hajui chochote!"

"Ikawaje?"

"Ikabidi niitwe mimi nilikokuwa naogesha watoto."

Sista alicheka kidogo, akaacha.

"Nakusikia, mama. Lakini nyie mtaniambia ni mila, nami nitakubali. Kesho akitoka getini akakutwa relini, nitamwambia nani kwamba ni mila? Jumatano aulizwe upya, maswali yote. Mimi mwenyewe nitakaa pale. Akijibu, anabaki. Asipojibu sitaandika uongo."

Nje Joséline alinishika mkono wa shati.

"Mimi kesho lazima niwe Kasekese. Jumatano utasema wewe."

"Sawa."

"Baba Claude. Utasema?"

"Nimesema sawa."

Sikujua kama nitasema. Naeleza ukweli. Jumatatu nilikaa, Jumanne nilikaa. Nilijaribu kutafuta ndani yangu kitu cha kunisukuma nikakuta pako vilevile, patupu kama ghala mwezi wa kumi. Basi Jumatano baada ya chakula nilisimama tu, nikatembea hadi getini. Hatua ni mia na kitu. Sikuwahi kufika huko tangu Claude aniache.

Bwana Yohani alikuja na baiskeli, peke yake. Mtoto wa Happiness anaumwa, alisema. Kisha akashangaa kuniona.

"Mzee Telesfori! Leo umekuja kunipokea?"

Nikamwambia. Maneno kama ishirini. Jina lako ni jina la baba mkwe wake. Kwetu halitajwi. Uso wa mwenye jina hautazamwi. Chakula hakiliwi mbele yake.

Alibaki ameshika usukani.

"Kwa hiyo nilipompigia magoti..."

"Ndiyo."

"Na maandazi."

"Ndiyo."

"Na kibao! Mungu wangu, nilijitundika jina shingoni nikamwendea nalo!" Akacheka, halafu akajifuta uso na mkono wenye grisi, ukabaki mstari mweusi shavuni. "Miezi minne namfukuza bibi wa watu kwenye meza yake. Na leo Sista anataka nimuulize mimi." Akafikiri. "Nibadilishe jina. Aniite Mashaka, hata Shida, mimi sijali."

"Ameshasikia la kwanza."

"Basi niondoke. Sista amuulize."

"Ukiondoka itakuwa mkwe amemfukuza baba mkwe. Hiyo ni mbaya kuliko yote. Hatajibu mtu."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Geuza kiti," nilisema.

Hakuelewa. Tulipoingia ukumbini nilichukua kiti mwenyewe. Nilikiweka nyuma ya kiti cha Lidia, mgongo kwa mgongo, pakabaki pa kupita kuku. Nikamwonyesha bwana Yohani akae. Lidia alikuwa tayari ametazama ukuta, kitenge kichwani. Alisikia kiti kinaburuzwa. Alisikia mtu anakaa, anatazama upande wa pili. Niliona mabega yake yanashuka.

Sista alikaa mezani na fomu. Wengine wakasogea. Silvesta akauliza, "Mbona wamekaa kama waliogombana?" Mtu akamwambia nyamaza.

"Bibi," bwana Yohani alisema, anaongea na mlango, "naomba nikuulize maneno machache."

"Uliza," Lidia aliuambia ukuta.

Ile sauti ya Katumba. Sista aliinua kichwa.

"Leo siku gani?"

"Jumatano. Ingekuwa nyingine ungekuwa dukani."

"Mwezi?"

"Wa nane. Unaisha. Watu wanachoma mashamba, husikii harufu?"

"Jana mlikula nini hapa?"

"Kande. Mahindi yameiva, maharage hayakuiva. Sista yuko hapa, na asikie."

Watu wakaguna. Sista aliandika, sijui kama aliandika maharage.

Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Alihesabu kwa Kiswahili, na alipofika mwisho akauliza kama wanataka na kwa Kirundi. Akaambiwa ataje watoto na wajukuu. Hapo ilichukua muda, maana alitaja na waliokufa, na kila mmoja alikufa na nini. Bwana Yohani akamsimulia hadithi fupi ya mtu aliyekwenda sokoni na vitu vitano, arudie. Alirudia vyote vitano.

"Huyo mtu ni mjinga," aliongeza. "Anunuaje chumvi kwanza ndipo anunue samaki, na mvua umesema inanyesha?"

Ukumbi wote ukacheka. Hata bwana Yohani, mabega yanacheza. Mimi sikucheka, lakini nilisikia kwamba ni kitu cha kuchekesha.

Likabaki swali la mwisho. Aliweka mikono magotini.

"Bibi. Mtu anayekuuliza maneno haya ni nani?"

Kicheko kikakatika.  Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilihesabu shoka mara saba.

"Ni mwenye duka la spea Kashaulili," Lidia alisema. "Mama yake yuko Usevya, kaburini, na alimsahau kabla hajafa, na hilo linamuuma hadi leo. Ana watoto wanne. Wa tatu ana pumu. Kiatu chake cha kushoto kimeshonwa na waya, mara ya pili sasa, wa kwanza ulikuwa mwekundu. Akiwa amechoka anatanguliza mguu wa kulia. Maandazi yake anaweka iliki. Ni mtu mzuri. Mimi sikuyala na niliwapa wenzangu usiku, wakasema yana iliki."

"Jina lake, bibi?" Sista aliuliza polepole.

Lidia akavuta kitenge, akafunika mpaka kidevu.

Sista alisubiri. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Bwana Yohani alikuwa anatazama mlango, hawezi kugeuka. Hakuna mwingine pale wa kwetu ila mimi.

"Ameshajibu," nilisema.

Wote walinitazama. Wengine walikuwa hawajawahi kusikia sauti yangu.

"Jina analijua kuliko mimi na wewe," nilisema. "Ni la baba wa mume wake. Nilimjua yule mzee, nilisaidia kuchimba kaburi lake. Aliitwa Yohani. Na huyu ni Yohani. Andika."

Sista alinitazama, akamtazama Lidia. Chini ya kitenge kichwa kiliinama mara moja. Sista akaandika. Nilisikia kalamu. Halafu akachukua ile karatasi ya majina matatu akakata mstari mmoja katikati.

Nilikaa.  Moyoni hapakuwa na kitu. Nilidhani patakuwa na kitu.

Ijumaa gari lilikuja saa mbili. Waliondoka wawili. Bibi wa chumba cha sita aliingia mwenyewe. Silvesta alivaa koti, akaniaga kwa mkono, akaniita jina ambalo si langu. Akaniuliza hii gari inapita Urambo. Nikamwambia inapita. Kitanda chake kiko wazi mpaka leo.

Jumapili haikuwa ya Joséline, lakini alikuja. Alikuwa ameshapigiwa simu na Sista. Alimkuta mama yake ndani, maana hakutarajiwa. Walishikana pale mlangoni, wakaanza palepale kugombana kuhusu mbuzi. Mimi niliwekewa kiazi kwenye sahani. Joséline alipotoka kuchota maji, Lidia alisogea na fimbo yake.

"Baba Claude."

"Naam."

"Umelitaja mbele yangu."

"Ndiyo."

"Kwa sauti. Mbele za watu."

"Ningefanyaje, mama Joséline?"

"Hakuna. Nimebaki kwa sababu yako, na mwanangu ananifikia. Nashukuru." Aligonga fimbo chini. "Usirudie."

"Sirudii."

Hapa nimeliandika kwa sababu yeye hasomi.

Siku hizi Jumatano viti vinageuzwa. Bwana Yohani anakaa anatazama mlango, Lidia anatazama ukuta, na vitendawili vinapita mabegani mwao. Lidia anamshinda. Akishindwa bwana anatoa mji, na Lidia anauchukua mji wowote, hata Dar es Salaam, anasema atalima karanga huko. Maandazi yanaachwa jikoni, analetewa akishaondoka. Happiness ameandika kwenye daftari, na ametusomea, kwamba Bibi Lidia anakula vizuri.

La kwangu bado ni lilelile, ila mwisho ameongeza neno. Amesema Mzee Telesfori anasaidia kupanga viti.